Kola Aliyoiona Kwenye Kamba

Baba mkwe wangu alikuwa analamba uzi. Najua mafundi wote wanalamba uzi, hata mimi nalamba, ncha tu, ipate kupita kwenye tundu la sindano. Yeye aliingiza mdomoni kipande kizima, akakitafuna kidogo, akakitoa kikiwa na rangi ya ugoro, na shati jeupe la mwalimu wa watu likashonwa kwa uzi huo huo. Meno yake ya mbele yalikuwa na mfereji uliochimbwa na nyuzi za miaka mingi. Mimi niliyekaa nyuma yake barazani miaka kumi na moja niliusikia mlio wa uzi ukikatika kwenye mfereji ule kuliko nilivyoisikia sauti ya mume wangu. Mpaka leo mtu akikata uzi kwa meno karibu yangu, nahama kiti.

Kwenye msiba wake walisimama watu watatu kumsifu, na wote watatu walisifia kola. Kola laini isiyokwangua shingo, yenye kifungo cha kujificha. Mmoja wao alikuwa ameivaa. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, nasonga ugali wa waombolezaji, nikasikia kila neno, nikasonga mpaka mwiko ukavunjika. Wenzangu walidhani ni uchungu wa kufiwa, wakanishika mabega na kunipa pole. Kola ile niliibuni mimi. Kitu kimoja tu nilichokitaka kutoka kwa yule mzee miaka yote hiyo ni aseme hivyo, mara moja, mbele ya watu.

Utaniuliza kwa nini sikusema mwenyewe. Basi wewe hujaolewa kwetu. Kwetu Wakurya mkamwana na baba mkwe hawagusani. Hampeani mkono, hamtazamani usoni, hamli pamoja, na yeye haingii nyumba unayolala hata kama inaungua. Kubishana naye hadharani ndiyo usiseme kabisa. Mimi nilitoka Matongo kuja kuolewa Mugumu nikiwa sijui kushika mkasi. Nilipomwambia mama mkwe kwamba natamani cherehani, mzee alikubali nijifunze kwake, ila kwa masharti ya ukwe. Nikae nyuma yake. Katikati yetu kiwekwe kigoda.

Kigoda hicho ndicho kilikuwa mkono wetu. Akikata kitambaa anakiweka pale, anageukia cherehani yake, ndipo mimi naokota. Nikimaliza kushona naweka pale, nageuka, ndipo anachukua. Akiwa na la kusema, alimwambia mama mkwe aliyekuwa anauza vifungo na zipu pembeni.

"Mama, mwambie huyo mkono wa shati umepinda."

Mama mkwe ananigeukia, na mimi nipo hatua mbili. "Mkono umepinda."

"Mwambie nimesikia."

Huyo ndilo lilikuwa jina langu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, mtaa mzima ulianza kuniita Mama Bhoke. Yeye aliendelea na huyo.

Chini ya cherehani yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. La kutemea. Ugoro, makohozi, vipande vya uzi, vyote humo. Kulimwaga kila asubuhi ilikuwa kazi ya mkamwana, na sikumbuki nani alipanga hivyo, niliikuta tu imepangwa. Nililimwaga nikiwa na mimba ya Bhoke, kichefuchefu juu ya kichefuchefu. Nililimwaga hata asubuhi ile waliyompa cheti, kama nitakavyoeleza.

Lakini siwezi kusema hakuwa na haya, maana hilo litakuwa uongo. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta akipita karibu na nyumba yetu. Mume wangu hakuwepo. Nilifungua dirisha kidogo nikamwita baba kwa Kikurya, kwa kelele, "Tata, ingia!" Hakuingia. Hakusogea hata chini ya bati. Alisimama katikati ya uwanja, kaweka mikono kichwani, mawe yanampiga, mpaka mvua ikakatika. Kesho yake alikuja kazini uso umevimba jicho moja halionekani, akakaa, akaweka uzi mdomoni.

"Mama, mwambie huyo asiniite tena ndani."

Siku ile nilimheshimu kwa moyo wangu wote. Nilijiambia huyu ni mtu ambaye hata mvua ya mawe haimtoi kwenye njia yake. Sikujua bado kwamba ukwe wake ulikuwa kwenye mikono na miguu tu, machoni haukufika.

Na kola zake sasa. Mzee aliamini kola ngumu. Alibandika gamu, kile kitambaa kikavu cha kukazia kola, mara mbili, akapiga pasi ya mkaa mpaka kola inagonga mezani ko-ko-ko, na akiisikia inagonga anafurahi peke yake. Alipopima shingo hakuacha nafasi ya kidole hata kimoja. Alivuta futi mpaka mteja akakohoa, ndipo akasema, "Hapo." Alikuwa na neno lake, alilisema kila siku kwa kila mtu, mchungaji, diwani, mchunga ng'ombe, wote kwake walikuwa mura, yaani kijana: "Mura, mwanaume ni shingo." Kola laini aliiita ya mgonjwa. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Ruvuma, mtu mpole, alirudisha shati akiwa na alama nyekundu shingoni.

"Mzee, nilikuwa naomba nipate na pa kupumulia."

"Utapumua nyumbani kwako," akamwambia. "Hapa umekuja kuvaa."

Mwalimu wa watu akaondoka na shati lake. Tulicheka, na mimi nilicheka. Kwa wateja alikuwa katili na watu walimpenda kwa ukatili huo huo, walitoka vijijini kuja kunyongwa naye. Marehemu peke yao ndio aliowaonea huruma. Mtu akifariki, alishona shati la kuzikia bila kuweka gamu, tena bure, akisema marehemu hana wa kumtisha tena. Niliwahi kumwona akilainisha kola ya mtoto wa jirani aliyefariki, anaipiga pasi polepole kwa nyuma ya mkono wake, machozi yanamtoka. Halafu akatema kwenye kopo.

Kwa mwanawe aliye hai hakuwa na hata chembe ya hilo.

Mume wangu alikuwa anakwenda Matongo kwa kaka zangu, kwenye mashimo ya dhahabu. Jiwe likamwangukia mkono wa kulia. Alirudi amebaki na kidole gumba na kipande cha kidole cha pili, na vyenyewe havikunjiki. Baba yake alikuja mpaka uwanjani, akautazama ule mkono, akasema, "Sasa utachunga kuku." Akaondoka. Hiyo ndiyo pole aliyompa.

Jumapili moja nilikuwa namfunga mume wangu kifungo cha juu, pale mlangoni, tukienda kanisani. Kola ilikuwa ya baba yake, ngumu, tundu dogo, hata mimi mwenye vidole kumi nilihangaika. Mzee akapita njiani. Akasimama, akasonya.

"Mwanaume anavalishwa kama mtoto."

Mume wangu alinitoa mikono shingoni, akarudi ndani, akavua. Hakwenda kanisani siku ile wala miezi mitano iliyofuata. Alikaa ukutani nyuma ya nyumba akiwa na fulana. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, ameshindwa na kifungo. Nilimwonea huruma na nilikuwa nakereka naye kwa wakati mmoja, nikaona nikikaa kimya nitaanza kumdharau, na hilo sikulitaka.

Ndipo nikaanza kola yangu. Nilishonea nyumbani kwa mkono, siyo barazani. Niliharibu tatu. Ya kwanza niliacha gamu, nikakata kitambaa kwa mshazari ili kilale chenyewe kwenye shingo, ikawa laini vizuri lakini kifungo kilikuwa pale pale kooni, na mkono mmoja ulikuwa haukiwezi. Ya pili nikaweka kitanzi badala ya tundu, kitanzi kikalegea. Ya tatu nikatia lastiki ndani ya kitanzi, ikakaza mno, mume wangu akasema nimerudi kwa baba yake. Ya nne nikahamisha kifungo. Nilikitoa kooni nikakipeleka vidole vitatu upande wa kushoto, kikajificha chini ya kola. Nikakipa kishingo cha uzi kisimame, na nyuma ya kitambaa nikaweka kifungo kingine kidogo ili kikivutwa kisichane. Kitanzi, chenye lastiki nyembamba, kikaanzia kulia. Kidole gumba cha kushoto kinavuta kitanzi kuja kushoto, kinakiangusha kwenye kifungo, basi. Mkono mmoja, bila kioo.

Mume wangu alifunga mara moja, akafungua, akafunga tena. Akatoka uwanjani, akasimama mahali ambapo majirani wote wanamwona, akafungua na kufunga kama mara saba. Jumapili hiyo tulikwenda kanisani na alikaa mbele.

Mzee alimwona huko. Na mimi nilimwona mzee akimwona. Shingo yake ngumu ilijigeuza kwa tabu ndani ya kola yake ngumu, mara mbili, mara tatu, wakati wa mahubiri.

Jumanne nikafua. Mashati yangu naanika yakiwa yamegeuzwa ndani nje, jua lisile rangi. Nilikuwa jikoni nikamwona mzee amesimama njiani, ng'ambo ya ua, anatazama kamba. Alisimama muda mrefu, kichwa anakilaza huku, anakilaza kule, kidole kinachora hewani. Kulishika shati hakuweza, maana lilikuwa limeanikwa katikati ya kanga zangu, na mkwe hagusi kanga za mkamwana. Kuniuliza hakuweza. Mimi mjinga nilifurahi. Nilidhani anaona fahari juu ya mwanawe. Nilimwambia Bhoke, "Babu yako leo amependa shati la baba." Kama angeweka neno moja tu kwenye kile kigoda, ningempa kola yote na karatasi ya kukatia.

Wiki ya pili yake shati lilikuwa linaning'inia barazani kwetu. Kola laini, kitanzi, kifungo cha kujificha. Nililitazama nikataka kucheka, maana kitanzi kilikuwa kushoto na kifungo kulia. Alikuwa ameona shati lililogeuzwa akalinakili kama alivyoliona. Kulia kwangu kukawa kushoto kwake. Fundi wa miaka arobaini, wivu umemshika kiasi cha kusahau kwamba nguo iko ndani nje!

Na hapo ndipo bahati ilipoamua kuwa na roho mbaya. Watu wengi wanatumia mkono wa kulia. Kola yake iliyokosewa ikawakaa vizuri kuliko ambavyo yangu ingewakaa. Wakaja walimu, wakaja manesi, wakaja wazee wenye vidole vya baridi yabisi. Mwalimu wa Ruvuma alichukua tatu. Na yeye aliyekuwa anaiita kola ya mgonjwa akaanza kusema, "Mura, shingo nayo inataka heshima," bila hata kupepesa macho.

Kukawa na maonyesho ya mafundi uwanjani. Afisa aliyehamia karibuni, dada mmoja mchangamfu wa kutoka mkoa mwingine, alimvutia mzee kipaza sauti.

"Shikamoo mzee. Hebu tuambie, wazo hili ulilipata wapi?"

"Marahaba. Kichwani," akasema mzee. "Nililala, nikaamka nalo."

Watu wakapiga makofi, afisa akampa cheti cha ubunifu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na beseni la mashati kichwani, mashati ambayo nusu yake nilishona mimi, natazama kisogo chake. Mama mkwe alinitazama mara moja tu, akajua kwamba najua, akaanza kupanga vifungo vyake upya. Mume wangu alipiga makofi. Kwa ule mkono mzima alipiga kwenye paja.

Nyumbani nikamuuliza, "Ulikuwa unapigia makofi nini?"

"Ni baba," akasema. "Nifanyeje?"

"Useme. Wewe unaruhusiwa kusema."

"Nimwaibishe mzee wangu kwa ajili ya kola?"

Alikuwa ameivaa wakati anasema. Ya kwangu, ya nne, iliyomtoa ukutani. Wiki mbili sikuongea naye, na nilipoanza kuongea tena haikuwa kwamba nimesamehe, chumvi tu ilikuwa imeisha.

Nilihamisha cherehani yangu nikaenda sokoni, peke yangu, nikaanza kushona kola yangu kama nilivyoibuni. Mteja wa kwanza aliishika, akaigeuza, akacheka kwa wema kabisa.

"Mama Bhoke, hii si umeiga kwa mzee? Halafu umekosea upande."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu aliniambia niende nikamwombe mzee anifundishe vizuri. Jina langu la ufundi likawa hilo sokoni pale: mkamwana anayeiga, tena vibaya. Nikaacha kushona kola laini. Nilishona sketi za shule na mapazia.

Miaka ikapita, mzee akaacha baraza akahamia shambani kwake Manchira, karibu na bwawa. Kiharusi kikamkuta huko. Kilichukua upande wa kulia wote, mkono, mguu, nusu ya mdomo, na maneno kikamwachia machache. Mama mkwe akatuita tukasaidie, wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kumwombea. Tulipofika, mimi na mume wangu na bodaboda moja, tulimkuta ameketi uwanjani, amevaa shati la kola yake, shingo wazi, anahangaika. Mkono wa kushoto unasukuma kitanzi kwenda kulia, kitanzi kinateleza. Anasukuma, kinateleza. Mate yanamshuka upande uliokufa na kulowesha kitambaa. Mama mkwe akasogea kumsaidia, mzee akampiga mkono. Mwanaume havalishwi kama mtoto. Alikuwa amelisema mwenyewe na sasa lilikuwa limemkaa kooni.

Nilitazama pembeni kama inavyotakiwa. Nilikuwa natapika moyoni, na kwenye yale matapishi kulikuwa na furaha kidogo, sitaki kuificha.

Akavua. Ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kigoda kile kile cha barazani kilikuwa pale, walikuwa wamehama nacho. Akaliweka shati juu yake. Akageuza uso.

"Geuza," akasema.

Hakumwambia mama mkwe amwambie huyo. Alisema hewani, lakini mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa kigoda.

"Nigeuze nini, Tata?"

Mdomo ukajikusanya upande mmoja. "Kama... kwanza."

Kumbe alijua. Alijua kwamba kulikuwa na ya kwanza, alijua imekaaje, na alijua ya kwake imepinduka. Siku zote zile za makofi alijua. Niliokota shati. Likanuka ugoro na mate. Nikafumua kwa wembe, nikahamisha kifungo, nikahamisha kitanzi, nikashona kwa mkono pale pale chini, na uzi ulipokataa kupita kwenye sindano niliulamba. Nilimaliza nikaweka kwenye kigoda, nikageuka. Nyuma yangu nikasikia pumzi. Alikuwa amefunga kwa kidole gumba, mara ya kwanza tu.

Nikaenda jikoni nikamletea uji, nikaweka bakuli juu ya kigoda, na wazee wa kanisa wakaingia. Walikuwa wanne. Waliketi, wakasalimia, na aliyewaongoza akaiona kola.

"Angalieni! Hata kiharusi hakikumweza fundi wetu. Amebuni nyingine, ya mkono wa kushoto!"

Wakacheka kwa furaha. Mzee akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, hapana. Akainua mkono mzima, na kwa kuwa baba mkwe hamnyooshei kidole mkamwana, akakinyoosha kwenye kigoda. Pale ambapo kila kitu kati yake na mimi kilikuwa kinapita. Mdomo ukawa unatafuta neno na hauligusi.

"Anasema nini?" mgeni mmoja akauliza.

Nilimtazama mume wangu. Yeye akageukia bwawa. Basi nikasema mimi, mbele ya mkwe wangu na mbele ya wageni, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu niolewe.

"Anasema kola ni yangu. Niliibuni mimi, tangu ya kwanza."

Mama mkwe akanivuta kanga. Wale wazee wakatazamana. Yule kiongozi wao, mtu mwema, hata leo namwita mtu mwema, akanitabasamia kama mtu anavyomtabasamia mchovu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mzee anataka uji."

Akachukua bakuli kutoka kwenye kigoda, akampelekea mdomoni. Nilisubiri ausukume. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, nilikuwa nimeuona ukimpiga mama mkwe.

Akanywa. Alikunywa bakuli zima, na uliomponyoka ukamtiririkia kwenye kola. Kesho yake nililifua lile shati, nikalianika ndani nje.